Njia ya Wafua Nguo

Ukifungua mfereji wa maji moto mjini Reykjavik, harufu inakufikia kabla ya maji: yai viza. Mgeni wa mara ya kwanza hukunja uso, akadhani bomba la maji taka limepasuka chini ya nyumba. Mimi nilisimama bafuni, taulo begani, nikaivuta harufu ile kwa pumzi ndefu. Naijua tangu utotoni. Ni harufu ya chemchemi za Bogoria, ni harufu ya visima vya mvuke vya Olkaria upepo unapogeuka. Ilikuwa Desemba, dirisha limezibwa na theluji, latitudo ya 64 kaskazini mwa ikweta, na bafu lilikuwa linanuka Bonde la Ufa.

Nililelewa Kinangop, nchini Kenya, mahali ambapo mwezi wa Julai ukungu huingia mpaka kitandani. Nyumba yetu ilipata joto kwa jiko la makaa, na kila usiku nyanya alitoa amri ile ile: "Toeni jiko nje, wanangu, kabla usingizi haujawashika." Tuliona ni uonevu, kwa sababu wakati huo ndipo chumba kilikuwa kimeanza kuwa kitamu. Baadaye nilielewa. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala nayo hapati nafasi ya kushtuka. Katika nyanda za juu za kwetu kila msimu wa baridi kuna familia inayolala na jiko ndani na kukutwa asubuhi. Kwa hiyo sijawahi kuona swali la joto la nyumbani kuwa jambo dogo. Kinachonivuta katika historia ya Iceland ni kwamba huko nako swali hilo lilijibiwa kwa karne nyingi nyumba kwa nyumba, kila mtu na moshi wake, mpaka mji mmoja ulipoamua kulijibu kwa pamoja. Na jibu lilikuwa likifuka mvuke mbele ya macho yao tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza, kwa mapokeo yao, ni mnamo mwaka 874. Ingólfur Arnarson, mlowezi kutoka Norwei, alitua katika ghuba iliyokuwa na nguzo nyeupe zinazopanda kutoka ardhini, akaiita Reykjavik, yaani Ghuba ya Moshi. Haukuwa moshi. Ulikuwa mvuke wa chemchemi zinazochemka, kwa kuwa kisiwa chote kimekaa juu ya ufa ambapo mabamba mawili ya ganda la dunia yanaachana, kama Bonde la Ufa la kwetu linavyoendelea kupanuka polepole. Lakini walowezi hawakuja kutafuta mvuke. Walikuja na kondoo, na walikuta misitu ya mibirichi kwenye mabonde. Wakaikata kwa ajili ya kuni, makaa na malisho. Kufikia karne ya 20 misitu iliyobaki ilifunika takriban asilimia 1 tu ya nchi, na udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ulipeperushwa na upepo hadi baharini.

Kuni zilipokwisha, watu walijizika ndani ya ardhi. Nyumba zao zilijengwa kwa kuta nene za udongo wenye majani na mizizi, uliokatwa vipande kama matofali, na juu ya paa nyasi zikaota. Aliyewahi kulala katika nyumba iliyokandikwa kwa udongo na samadi anajua jinsi ukuta mnene unavyotunza joto la watu. Chumba kikuu kiliitwa baðstofa, neno lenye maana ya chumba cha kuogea. Zamani kilikuwa chumba cha mvuke, chenye jiko la mawe. Kuni zilipoadimika, familia yote ikahamia humo kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na joto, na hatimaye hata jiko lenyewe likazimwa. Joto lililobaki lilikuwa la miili. Walilala wawili wawili kitanda kimoja, mabwana na vibarua chini ya paa moja, na mahali pengine ng'ombe walifungwa chini ya sakafu ili pumzi yao ipande juu. Chakula kilipikwa kwa kinyesi cha kondoo kilichokaushwa na kwa udongo mweusi wa kinamasi, ule wenye mizizi iliyooza kwa maelfu ya miaka, unaowaka ukikauka.

Haikuwa kwamba hawakuyajua maji moto. Snorri Sturluson, mwanahistoria na mwanasiasa wa karne ya 13, alikuwa na bwawa la kuogea nyumbani kwake Reykholt, likiletewa maji ya chemchemi kwa mfereji. Bwawa hilo lipo mpaka leo, la mviringo, limezungushiwa mawe. (Snorri mwenyewe aliuawa katika handaki la nyumba hiyo mwaka 1241, kwa ugomvi wa kisiasa.) Watu waliogea humo, walifua, walichemsha chakula. Kupasha nyumba ndiko kulikoshindikana, na sababu zake ni za kawaida sana: maji hububujika bondeni na nyumba iko mlimani, bomba hakuna, pampu hakuna, na yanayojitokeza juu ni kidogo. Mwaka 1755 wasomi wawili, Eggert Ólafsson na Bjarni Pálsson, walijaribu kutoboa ardhi Laugarnes, karibu na Reykjavik. Walishuka mita chache tu, wakaacha.

Laugarnes ndiko kulikokuwa na chemchemi zilizoitwa Þvottalaugar, Chemchemi za Kufulia. Hapo nitakaa kidogo.

Kutoka mjini hadi huko ni kama kilomita 3. Mwanamke aliondoka nyumbani asubuhi, na wakati wa majira ya baridi asubuhi ya huko ni giza hadi karibu saa tano. Wengi wao walikuwa vijakazi wanaofua nguo za mabwana zao, au wajane wanaofua kwa malipo. Mgongoni furushi la nguo, na juu ya furushi ndoo ya mbao, karai, ubao wa kusugulia, sabuni, chakula cha kutwa na birika. Njia haikuwepo, kulikuwa na tope, vijito na mawe, na theluji ilipolainika mtu alizama hadi magotini. Wakifika, waliteremsha birika kwenye maji yanayochemka na kunywa kahawa kwanza. Kisha walifua kutwa, uso ukichomwa na mvuke na mgongo ukipigwa na upepo wa bahari. Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, kwa sababu nguo zilizolowa ni nzito kuliko zilizokuja kavu, na njiani ziliganda.

Baadhi hawakurudi. Chemchemi hazikuwa na ukingo, mawe yake yalikuwa na utelezi, na mwanamke aliyeinama akivuta shuka zito aliweza kutumbukia katika maji yanayochemka. Kadhaa walikufa hivyo katika karne ya 19. Mwaka 1885 mji ulianza kujenga barabara kuelekea huko, ukaiita Laugavegur, Njia ya Chemchemi. Mwaka 1888 chama cha wanawake kiitwacho Thorvaldsensfélagið kilijenga banda ili wapate pa kujikinga. Na mwaka 1902 matao ya chuma yaliwekwa juu ya mfereji wa maji moto ili aliyeteleza akamatwe na chuma kabla ya maji. Matao hayo bado yapo bustanini Laugardalur. Nilipoyashika yalikuwa baridi kama barafu, yamekaa kama mbavu za mnyama mkubwa, na mapana yake ni ya mtu mmoja kuinama.

Wakati huo huo, upande wa pili wa mji, joto lilikuwa likishushwa kutoka melini. Makaa ya mawe yalitoka Uingereza. Kabla bandari ya Reykjavik haijajengwa kati ya 1913 na 1917, meli zilitia nanga mbali, mashua zikaleta mzigo ufukweni, na wabebaji walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanawake. Walibeba makaa na chumvi mgongoni au kwa machela, wawili wawili, kwa ujira ulio chini ya ule wa wanaume. Nimetazama picha za wakati huo kwa muda mrefu. Mgongo ule ule uliopeleka nguo kwenye maji moto ndio uliopandisha makaa ya kigeni hadi kwenye majiko ya mjini. Maji ya moto, kwa upande wake, yalikuwa yakitiririka baharini bure, usiku na mchana.

Vita Kuu ya Kwanza iliumiza. Meli zilipungua, bei ya makaa ikapaa, na kisha Januari 1918 ikaja baridi ambayo watu wa Iceland bado wanaiita baridi kuu. Bahari iliganda bandarini. Watu walitembea kwa miguu juu ya bahari kutoka Reykjavik hadi kisiwa cha Viðey. Ndani ya nyumba, maji yaliganda ndoo zikiwa kando ya vitanda. Nchi isiyo na miti, isiyo na makaa yake, ilikuwa imegundua kwamba joto lake liko mikononi mwa manahodha.

Lakini miaka kumi kabla ya baridi ile, mkulima mmoja alikuwa ameshapata njia nyingine. Stefán B. Jónsson, wa Suður-Reykir katika eneo la Mosfellssveit, alikuwa ameunganisha bomba kutoka chemchemi iliyo karibu hadi nyumbani kwake mwaka 1908. Miaka 3 baadaye mkulima mwingine, Erlendur Gunnarsson wa Sturlureykir, alileta mvuke wenyewe ndani. Hawa hawakuwa wahandisi. Walichoka kukata udongo wa kinamasi, wakatazama kilichokuwa kikichemka shambani, wakatafuta bomba. Majirani wakaja kuona, wakashika ukuta.

Mjini mambo yalikwenda kwa mzunguko wa ajabu. Miaka ya 1920 kampuni fulani ilikuwa imeagiza mashine ya kutobolea miamba ili kutafuta dhahabu katika kinamasi cha Vatnsmýri, ambako leo kuna uwanja wa ndege wa mji. Dhahabu ya kuleta faida haikupatikana. Mashine ikabaki. Mwaka 1928 shirika la umeme la mji liliichukua mashine hiyo ya dhahabu na kuipeleka Þvottalaugar, pale pale walipoinama wanawake, na kuanza kutoboa. Safari hii hawakuishia mita chache. Walipata lita 14 za maji kila sekunde, yenye joto la nyuzi 87.

Lita 14 kwa sekunde si nyingi kwa mji, ila zinatosha kuthibitisha jambo. Mwaka 1930 bomba la kilomita 3 lililazwa kutoka chemchemi hadi mjini, likirudi njia ile ile ya wafua nguo. Jengo la kwanza kupata joto lilikuwa shule, Austurbæjarskóli. Baadaye ikaunganishwa hospitali ya taifa, bwawa la kuogelea la ndani, na nyumba zipatazo 60. Napenda kwamba walianza na watoto. Shule ni jengo ambalo kila mzazi atasikia habari zake jioni ile ile, na hakuna hotuba ya diwani inayoweza kushindana na mtoto anayerudi nyumbani akisema darasani alivua koti.

Mtu aliyelivalia njuga jambo hili alikuwa Jón Þorláksson, mhandisi aliyewahi kuwa waziri mkuu, kisha akawa meya wa Reykjavik katika miaka ya 1930. Alitaka mji mzima, si nyumba 60. Mwaka 1933 mji ulipata haki za maji ya moto ya Reykir, Mosfellssveit, eneo lile la mkulima Stefán. Umbali ulikuwa kilomita 18. Kwa mji wa watu wachache, maskini, katikati ya mdororo wa uchumi wa dunia, hiyo ilikuwa kazi ya kutisha: kuchimba visima, kulaza mabomba, kujenga matangi juu ya kilima cha Öskjuhlíð ili maji yateremke yenyewe hadi mitaani, kisha kuingia nyumba kwa nyumba na kubadilisha majiko. Þorláksson alifariki mwaka 1935 bila kuona hata mita moja ya bomba hilo. Fedha za mkopo zilihangaikiwa kwa miaka.

Kazi ilianza mwaka 1939 ikiwa mikononi mwa kampuni ya Denmaki, na anayejua tarehe atajua kilichofuata. Aprili 1940 Ujerumani iliikalia Denmaki, na vifaa vikakwama huko. Mwezi mmoja baadaye Waingereza walitua Reykjavik. Matangi yalikuwa kilimani, tupu. Mitaro ilikuwa imechimbwa. Vifaa vikatafutwa upya Marekani, vikavuka bahari iliyojaa nyambizi, na tarehe 30 Novemba 1943 maji ya Reykir yaliingia katika nyumba ya kwanza: jumba la makumbusho la mchonga sanamu Einar Jónsson. Kufikia mwisho wa 1945 nyumba 2,850 zilikuwa zimeunganishwa, katika mji wenye watu zaidi kidogo ya 44,000.

Ukiweka pamoja picha ya Reykjavik ya miaka ya 1930 na ya miaka michache baada ya vita, huhitaji maelezo. Ya kwanza ina wingu jeusi limelalia mapaa, mnara wa kanisa ukichungulia. Ya pili ina anga. Mji uliopewa jina la moshi ambao haukuwa moshi, ukapata moshi wa kweli, ndipo ukaondokewa nao.

Ingekuwa hadithi nyepesi kama ingeishia hapo. Lakini Reykjavik ilikua haraka kuliko bomba. Siku za baridi kali maji hayakutosha, na mitaa mipya ilijengwa mahali ambapo bomba halijafika. Mafuta yalikuwa rahisi. Boila ya mafuta ilikaa kwenye chumba cha chini, gari la mafuta likaja kujaza tangi, na mwenye nyumba hakuhitaji kumsubiri diwani yeyote. Kufikia 1970 chini ya nusu ya watu wa Iceland walikuwa wakipashia nyumba zao kwa maji ya ardhi, na karibu wote waliobaki walitumia mafuta. Hapa ndipo naona jambo ambalo wengi hulipita: nchi ile ile, iliyokwisha kuona kwa macho yake kwamba inawezekana, ilikuwa ikirudi taratibu kwenye meli za nje kwa sababu tu mafuta yalikuwa nafuu mwaka huo. Elimu peke yake haikuwazuia. Kila nyumba ilipiga hesabu yake, na kila hesabu ilikuwa sahihi.

Mwaka 1973 ulizifuta hesabu hizo. Januari 23, usiku, ardhi ilipasuka pembeni mwa mji wa kisiwa cha Heimaey, na wakazi zaidi ya 5,000 wakapakiwa kwenye mashua za uvuvi kabla ya mapambazuko. Lava ilifunika mamia ya nyumba na kusogelea bandari. Walipiga maji ya bahari juu yake kwa miezi mpaka ikasimama. Waliporudi, walifanya jambo ambalo mimi huona ni ushujaa wa aina yake: walilaza mabomba juu ya lava iliyokuwa bado ina moto ndani, na kwa miaka kadhaa nyumba za Heimaey zikapashwa joto na jiwe lile lile lililozimeza nyumba za majirani zao. Lava ilipopoa walitafuta njia nyingine, na leo wanachota joto la maji ya bahari kwa pampu za joto.

Kisha Oktoba ikaja vita ya Mashariki ya Kati, na bei ya mafuta ikapanda duniani kote. Kwa mwenye boila kaskazini mwa Iceland, hii ilimaanisha kuchagua kati ya joto na mengineyo. Safari hii serikali haikumwachia kila mtu hesabu yake. Ilituma wataalamu wa miamba wilaya kwa wilaya, na kupitia mfuko wa nishati ikazikopesha halmashauri fedha za kutobolea. Kisima kikitoka kitupu, mkopo huo uliweza kusamehewa. Hilo la mwisho ndilo lililofungua milango. Mji wa wavuvi 800 hauwezi kubeba hasara ya kisima kikavu, lakini taifa linaweza. Katika muda wa miaka kumi hivi matumizi ya mafuta ya kupashia nyumba yaliporomoka, na leo nyumba tisa kati ya kumi nchini humo hupata joto kutoka ardhini. Nyingi zilizobaki ziko katika maeneo waliyoyaita maeneo ya baridi, kama fiyodi za magharibi, ambako chini hakuna maji moto ya kutosha; huko wanatumia umeme, na serikali huchangia bili zao ili wasilipie bahati mbaya ya miamba.

Nasisitiza kwamba katika yote haya hakuna aliyekuwa akizungumzia tabianchi. Mswidi Svante Arrhenius alikwisha kupiga hesabu mwaka 1896 kwamba kaboni ikiongezeka angani itaipasha dunia joto, lakini madiwani wa Reykjavik hawakukaa mwaka 1933 kujadili hilo. Walijadili masizi, bei, na meli zinazochelewa. Faida kwa anga ilikuja bila kualikwa. Wala nchi hiyo si malaika: viwanda vyake vya alumini, ndege zake na meli zake za uvuvi hutoa hewa ukaa nyingi kwa kila mkazi. Na hata mvuke wa ardhini huja na gesi zake. Kwenye kituo cha Hellisheiði, kilichofunguliwa mwaka 2006, wahandisi wa mradi wa Carbfix walianza mwaka 2012 kuyeyusha hewa ukaa katika maji na kuirudisha chini kwenye mwamba wa basalti. Mwaka 2016 walichapisha matokeo: sehemu kubwa ya gesi hiyo ilikuwa imegeuka jiwe katika muda usiofika miaka 2.

Hata hivyo barafu yao inaondoka. Si mbali na Reykholt, kwa Snorri, kuna mlima uitwao Ok. Mto wa barafu uliokuwa juu yake ulitangazwa na mtaalamu Oddur Sigurðsson mwaka 2014 kuwa si mto wa barafu tena, kwa sababu ulikuwa umekonda kiasi cha kushindwa kusogea. Agosti 2019 watu walipanda huko na kubandika kibao cha kumbukumbu juu ya jiwe, kama kwenye kaburi. Nilipoona picha zao nilifikiria barafu ya Lewis juu ya Mlima Kenya, ambayo kizazi cha nyanya yangu kiliiona ikimeta kutoka mbali na ambayo sasa imebaki mabaki. Nyumba za Reykjavik haziyeyushi barafu ya Lewis. Makaa na mafuta ya miji mingine ndiyo yanayoziyeyusha zote mbili, ya kwao na ya kwetu.

Kuna uzi mwingine unaotuunganisha. Mwaka 1979, katika kilele cha uchimbaji ule, Iceland na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walianzisha Reykjavik mafunzo ya miezi 6 kwa wataalamu wa jotoardhi kutoka nchi zinazoendelea. Hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Olkaria ilikuwa imetobolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1956, ikaachwa, ikarudiwa miaka ya 1970, na mtambo wake wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa mwaka 1981. Leo takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutoka ardhini, na wengi walioutoa huko walikaa majira ya joto ya Reykjavik, usiku usioingia giza ukiwanyima usingizi, wakisoma ramani za miamba. Kwetu mvuke ulikwenda kwenye nyaya, na sehemu kidogo ikaenda kupasha mabanda ya maua Naivasha. Vyumba vya kulala vya Kinangop, juu ya bonde lenye visima hivyo, bado vina jiko la makaa. Na baadhi ya familia za Wamasai zilizohamishwa mwaka 2014 kupisha mitambo zimelipia joto hilo kwa ardhi yao. Hilo nalo ni sehemu ya hesabu, na haifai kulificha nyuma ya sifa za nishati safi.

Bomba linalowapa wote joto linaweza pia kuwanyima wote. Februari 8, 2024, baada ya miezi ya mitetemeko, ardhi ilipasuka tena katika rasi ya Reykjanes. Siku hiyo hiyo lava ilikuwa imefika kwenye bomba kubwa linalotoka kituo cha Svartsengi na kulikata. Zaidi ya watu 20,000 walikosa maji moto, nje baridi ikiwa chini ya sifuri. Mafundi walijaribu bomba la akiba lililokuwa limefukiwa tayari ardhini; nalo likapasuka chini ya lava. Wakazi waliombwa wasiwashe hita zaidi ya moja ya umeme kwa kila nyumba, maana nyaya za mitaa hazikujengwa kubeba joto la mji mzima. Zilijengwa zikijua kwamba joto linapita kwingine. Watu walibana matumizi ili jirani apate umeme wake. Madukani hita ziliisha.

Mafundi wa kuchomelea walifanya kazi usiku na mchana, wakiunganisha bomba jipya juu ya ardhi, kipande kwa kipande. Februari 12 maji yalianza kupita tena. Nyumba hazikupata joto papo hapo. Yalijaa matangi kwanza, kisha mabomba ya mitaani, kisha vyuma vya ukutani, na mwisho, polepole, kuta zenyewe.